Dhamana ya Maganda: Kumuaga Doña Zoraida Badilla Ureña

Ifikapo tarehe 28 Februari, doña Zoraida Badilla Ureña atakabidhi funguo zake baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Ofisi ya Mazingira ya Bonde la San Cayetano. Funguo zenyewe ni mbili: wa mlango wa mbele, na wa kabati la vikombe vya kahawa, ambao hajawahi kumwachia mtu hata akiwa mgonjwa. Vijana walioajiriwa juzi wanadhani ni ukali wa mama wa nyumbani tu. Sivyo, na ndiyo maana mimi, Wilberth Fallas, niliyekaa naye ofisini tangu siku yake ya kwanza, nimeombwa na wenzangu kuandika haya machache.

Doña Zoraida alitujia akiwa mchumi mbichi kabisa kutoka chuo kikuu cha San José, na viatu ambavyo havikumaliza wiki kwenye matope yetu. Lakini mgeni hakuwa. Baba yake, marehemu don Fidel Badilla, alikuwa na kinu cha kumenya kahawa nyuma ya kanisa, pale ukuta wa padri unapokaribia kugusa mto Aguacatal. Alizaliwa ndani ya harufu ya maganda ya kahawa, na kila msimu wa mavuno alikuwa akichuma na kikapu kiunoni kama watoto wote wa bonde hili.

Ofisi aliyoikuta ilikuwa na madawati matatu: la mto, la misitu na la mifugo. Kila dawati lilikuwa na sheria yake, faini yake, mhuri wake na birika lake la kahawa. Hatukugombana, ila tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mimi nilikuwa dawati la mto, na kwa maoni yetu wakati ule, kazi ilifanyika kwetu peke yetu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Vinu vyote vya bonde vilikuwa vinamwaga maganda na maji ya kuoshea kahawa mtoni. Kila Desemba Aguacatal uligeuka mweusi, ukanuka mpaka kwenye misa, na samaki wakaelea matumbo juu. Tukapiga marufuku, na tulipopiga tulipiga kweli. Msimu mmoja tu, mto ukatakata. Tulipiga picha tukiwa na samaki mkononi, na picha ile bado iko ukutani, ingawa nakiri samaki alinunuliwa.

Maganda, bila shaka, hayakuyeyuka. Yalipandishwa mlimani na kurundikwa kwenye malisho, yakaoza, na nzi wakazaliana humo. Nzi wale wakawaandama ng'ombe mpaka wakaacha kula. Walisimama wamesongamana kutwa nzima wakipiga mikia, na maziwa yakakauka. Dawati la mifugo likaamuru marundo yapuliziwe dawa. Dawa ikaua nyuki wa watu, na mvua ya Oktoba ilipofika ikaisukuma dawa ileile kwenye mto wetu uliotakata.

Dawati la misitu nalo halikulala. Lilikataza kuni za msituni kwenye matanuri ya kukaushia kahawa. Wenye vinu wengine wakahamia dizeli, moshi ukatanda bondeni, na wengine wakakata miti ya kivuli iliyokuwa katikati ya mibuni, kwa sababu sheria ilitaja msitu na mibuni si msitu. Udongo ukakosa wa kuushika, ukaporomoka. Mwisho wa mwaka kila dawati liliandika taarifa ya mafanikio, na kila taarifa ilisema kweli tupu.

Hapo ndipo watu wa misitu wakaamua kuacha faini na kutoa zawadi: kila atakayepanda mti atalipwa kwa shina. Msomaji wa bonde hili ameshaanza kucheka. Kwetu nguzo za ua ni matawi ya mti wa poró yaliyokatwa mabichi na kuchomekwa ardhini, na mwezi haujaisha yamechipua majani. Watu wakajenga ua ambao kuku hawezi kupenya. Don Rómulo Naranjo alizungushia ua malisho, akazungushia choo, kisha akauzungushia ua wenyewe ua mwingine. Afisa alipokuja na kushika kiuno, don Rómulo hakubabaika.

“Bwana afisa, ulisema mti wenye majani. Haya si majani? Au unataka na yaimbe?”

Alilipwa. Sheria ilikuwa upande wake.

Dawati la doña Zoraida lilikuwa katikati, meza ndogo ya makadirio, karibu na choo. Pengine ni kwa sababu hiyo kwamba yeye peke yake alizisoma taarifa zote tatu kwa mkupuo mmoja, akila mkate wake wa mchana. Alipomaliza alisimama mlangoni akatuambia, “Nyinyi mnafukuza panya mmoja, kila mtu chumbani kwake, na milango mmeiacha wazi.” Tulimwona ana dharau. Mkuu wangu alimwambia arudi kwenye makadirio yake.

Jibu alilipata dukani kwa marehemu doña Etelvina, na kisa hiki amekisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kukiandika usingizini. Alinunua soda, akaweka na dhamana ya chupa kama ilivyo desturi, akatoka nayo akinywa. Doña Etelvina alimwona anakaribia kuiacha chupa ukutani mwa shule, akamfokea kutoka ndani:

“Wee mtoto wa Fidel! Soda ni yako, chupa ni yangu! Ukiirudisha, hela yako hii hapa. Ukiitupa mtoni, ukiivunja barabarani, ukiipandia maua, shauri yako. Mimi sikufuati!”

Mimi sikufuati. Doña Zoraida anasema alisimama na ile chupa mpaka doña Etelvina akatoka kumwuliza kama amepatwa na kizunguzungu. Mwenye duka hakuhitaji askari wa mtoni, na mwingine wa barabarani, na mwingine wa bustanini. Alikuwa ameshika dhamana mwanzoni, na chupa ilijua njia ya kurudi.

Mpango wake ulikuwa huohuo, ila kwa kahawa. Kila debe la kahawa mbivu linaloingia kinuni liache dhamana. Mwisho wa msimu mwenye kinu aonyeshe kwamba maganda yamekuwa mboji, maji yametulizwa bwawani kabla ya kuuona mto, na kahawa imekaushwa kwa jua au kwa makapi yake yenyewe. Akionyesha hayo, achukue chake chote. Asipoonyesha, hatumwulizi alitupa wapi, mtoni, mlimani au hewani; dhamana inabaki. Na dhamana zinazobaki ziende kwa wanaotunza chemchemi na miti ya kivuli, wakilipwa kwa ukubwa wa mteremko uliofunikwa. Kwa shina, hapana. Don Rómulo alipolisikia hilo alivua kofia kama aliyepita msibani.

Unaona? Mto, nzi, moshi, nyuki na udongo, vyote kwa kamba moja. Leo linaonekana jambo la wazi. Wakati ule ilichukua miaka kutushawishi, na waliopinga kwa nguvu zaidi hawakuwa wenye vinu bali sisi wenyewe, maana kamba moja ilitaka mhuri mmoja. Ndipo doña Zoraida alipokusanya vikombe vyote vya ofisi, akavifungia kabatini katika chumba cha katikati, akaweka meza moja na birika moja. Aliyetaka kahawa alikaa pale, au alikosa. Watu wa mto tulivumilia siku mbili, wa misitu wakavumilia hadi Ijumaa. Baada ya wiki chache tulikuwa tunabishana kwa sauti, na mtu ambaye unabishana naye kila saa tatu asubuhi mwishowe unamwelewa. Sasa vijana wanajua ule ufunguo ni wa nini.

Mkutano mkuu wa bonde uliupitisha mpango. Wengi wetu tulidhani hapo kazi ngumu imekwisha.

Kinu cha don Fidel kilikuwa kimerithiwa na kaka mkubwa wa doña Zoraida, don Tobías. Nimeshasema kilikaa wapi: mbele ukuta wa kanisa, nyuma mto. Ukiacha uwanja wa kuanikia kahawa, hapakuwa na pa kuchimba bwawa wala pa kuweka rundo la mboji. Msimu wa kwanza wa dhamana don Tobías alikuja ofisini, kofia mkononi. Kuta zetu ni za mbao, kwa hiyo tulisikia yote tukijitia hamnazo.

“Zori, mdogo wangu, bwawa nichimbe wapi? Altareni kwa padri?”

“Najua, kaka.”

“Basi niandikie ruhusa. Mimi peke yangu. Nani atajua?”

“Bonde zima litajua kabla hujamaliza ngazi. Na keshokutwa kila mwenye kinu atadai hana nafasi.”

“Kinu kile ndicho kilichokusomesha, Zori.”

“Najua, kaka.”

“Kama unajua, sema kitu kingine basi!”

Don Tobías alivaa kofia humohumo ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya chini ya paa la mtu, akatoka. Kinu kiliendeshwa msimu ule na uliofuata bila kurudishiwa hata senti, kisha kikafungwa. Mashine ya kumenyea, aliyoinunua baba yao, iliuzwa kama chuma chakavu.

Mwaka ule, Desemba, doña Zoraida alipika tamale za unga wa mahindi kama tunavyopika sote, akazifunga mbili mbili kwa majani ya mgomba, akapeleka fungu nyumbani kwa kaka yake. Asubuhi alizikuta mlangoni kwake, kamba haijaguswa. Alizileta ofisini. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata tena. Ikawa desturi yetu ya Krismasi: tamale za don Tobías tulizila sisi, Mungu atusamehe, na zilikuwa tamu. Doña Zoraida alizigawa kwa uso mkunjufu, kisha akawa wa kwanza kurudi mezani kwake.

Nataka kusema wazi jambo ambalo wasifu kama huu hupenda kuliruka. Mpango wa doña Zoraida ulikuwa na tundu, na aliyeliona tundu hilo ni yeye. Vinu vidogo visivyo na ardhi havikuwa vikaidi. Havikuwa na pa kwenda tu. Don Tobías alipokuwa ameshafunga, doña Zoraida alikuja mkutanoni na pendekezo la uwanja wa pamoja wa mboji kule Alto de la Cruz: lori la ushirika lipite kuchukua maganda na maji mazito, na kinu kirudishiwe dhamana kwa kadiri ya kilichopeleka. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa.

“Hili lilitakiwa liwemo tangu mwanzo,” alisema. “Sikuliona. Limevigharimu vinu vitatu uhai, na kimoja mnakijua.”

“Sema tu ni la kaka yako!” mtu akapaza sauti kutoka kwenye benchi za pembeni.

“Lingekuwa la kaka yangu, ningelileta angali na kinu.”

Pendekezo lilipita bila mkono wa kupinga. Don Tobías alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na aliondoka kabla mikono haijashushwa.

Tangu hapo mambo yamekwenda, si kwa miujiza. Nzi wapo, nzi hawasomi taarifa zetu. Lakini ng'ombe wanakula, Aguacatal unaogewa Wiki Takatifu na watu wazima wasioogopa kuonekana, na Oktoba ile ya mvua kubwa, miteremko yenye kivuli ilibaki mahali pake wakati barabara ilikatika sehemu nne. Wafuga nyuki wamerudi juu. Wageni hutujia kutoka San José na mbali zaidi wakitaka kufundishwa, na doña Zoraida huwapeleka kwanza dukani, ambako sasa anauza binti wa doña Etelvina, akawanunulia soda. Hafungui mdomo kuhusu sera mpaka chupa zote zirudi kaunta. Profesa mmoja alitaka kubaki na yake kama kumbukumbu, akaambulia hotuba nzima.

Sisi alitufundisha swali moja. Ukimpelekea mpango wowote, hata uwe mzuri namna gani, huusoma mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, “Na kikitoka hapo kinakwenda wapi?” Tulilikariri kama katekisimu. Siku hizi hata mpishi wetu akikusanya masazo ya picadillo, zile mboga za kukatakata, kuna atakayemwuliza yanakwenda wapi.

Lakini hakuruhusu swali hilo liishie kwenye maganda. Aliliuliza na kwa watu. Ofisi ilipotaka kuweka kibao cha shaba kwenye ngazi, cha kuadhimisha mpango, alikataa jina lake kuandikwa, na akasema kibao kikiwekwa basi kibebe majina ya vinu vitatu vilivyofungwa. Tulimwomba, tukamrai, tukashindwa. Kibao kipo, mnapita mbele yake kila asubuhi. Jina la kwanza ni Kinu cha Fidel Badilla na Mwanawe.

Sasa nije kwenye habari ya msimu huu. Desemba iliyopita tulikaa chumba cha katikati, maji yakichemka, tukingoja. Doña Zoraida aliingia mikono mitupu. Akafungua kabati, akatoa vikombe, akachuja kahawa kwenye kitambaa kama kawaida, akasema tu kwamba mwaka huu hakuna tamale, hazikurudi. Ofisi ilikunywa kahawa kavu, na hakuna aliyelalamika.

Januari tulimwuliza sherehe ya kumuaga ifanyike wapi. Ukumbi wa parokia? Hoteli ya barabarani? Akasema angependa iwe kwenye uwanja wa kuanikia kahawa wa kinu cha baba yake. Tukatazamana. Akasema ataomba mwenyewe, ila hakuwa na gari, kwa hiyo nilimpeleka.

Don Tobías alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, sufuria mapajani, anaambua maharage mabichi. Hakuinuka, na hakuingia ndani pia.

“Wanasema unastaafu.”

“Mwisho wa Februari. Nimekuja kukuomba uwanja, kaka. Niagane na wenzangu.”

Aliambua ganda, na lingine.

“Watu wengi?”

“Nadhani bonde zima.”

“Watakunywa nini?”

“Kahawa. Na soda kwa watoto.”

“Soda za chupa?”

“Za chupa.”

Mzee alitikisa sufuria, maharage yakalala sawasawa.

“Basi kila anayeingia aache dhamana mlangoni. Sitaki kuokota chupa mtoni uzeeni.”

Doña Zoraida alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, kisha kikawa si kicheko tena. Don Tobías alisogeza sufuria ikawa katikati yao, na baada ya muda dada yake naye akaanza kuambua. Niliwasubiri garini mpaka maharage yakaisha. Sioni haya kusema kwamba nililia huko garini, mzee mzima, redio imewashwa watu wasinisikie.

Doña Zoraida, bonde hili linakushukuru: kwa mto, kwa ng'ombe, kwa nyuki, kwa udongo uliobaki mlimani, na kwa kutulazimisha kukaa meza moja. Ufunguo wa kabati tutautunza, na kabati litaendelea kufungwa. Nenda ukapumzike vizuri, upate afya na asubuhi ndefu, na viatu vyako vizeeke polepole.

Sherehe ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, baada ya misa ya saa nne, uwanjani kwa don Tobías Badilla. Kutakuwa na tamale, picadillo na kahawa ya kuchuja. Mwenye uwanja atakuwa mlangoni mwenyewe. Dhamana ya chupa inaachwa unapoingia na inarudishwa unapotoka, na ametuagiza tuandike kwamba hakuna atakayepewa ruhusa maalumu, hata awe dada yake.